KUPANDA NA MTO LOWA: KUPANGA ZIARA FUPI YA UTAMADUNI NA MATEMBEZI YA MJINI KANDO YA MTO

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii aghalabu hutajwa kama neno la ukarimu tu. Hata hivyo, ndani yake mna sharti: ujio wa mgeni hupimwa kwa nafuu anayoipata mwenyeji. Katika teritori za Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wageni wa kila namna wamepita kwa muda wa karne moja na nusu. Wamepita wafanyabiashara wa pembe za ndovu, maofisa wa kikoloni, watafiti, wanunuzi wa madini na majeshi. Wachache sana kati yao walimwacha mwenyeji akiwa amepona.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga ziara fupi ya utamaduni katika sehemu hizo, ikiambatana na matembezi ya mjini kando ya mto. Walengwa ni walimu na wanafunzi wa Kiswahili na fasihi simulizi, ambao wana sababu njema ya kutaka kufika huko: Walikale ni nyumbani kwa utendi wa Mwindo, mojawapo ya tendi za Afrika ya Kati zinazojulikana zaidi ulimwenguni. Hoja ya makala ni kwamba ziara hiyo ifuate mto, na ifuate kutoka chini kwenda juu. Msafiri aanzie Kisangani, mji mkubwa ambako maji ya Masisi na Walikale hupita, kisha apande kuelekea chimbuko pale tu hali itakaporuhusu. Mpango huu unatokana na hali ya usalama, na pia unaafiki historia ya lugha na mantiki ya utendi wenyewe.

2.0 Mto na Nchi Yake

Teritori ya Masisi iko magharibi ya Goma na ziwa Kivu. Ni nchi ya milima, na sehemu zake nyingi zimepita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Miteremko yake ina malisho ya ng'ombe, na jibini ya Masisi inajulikana katika masoko ya Goma na mbali zaidi. Eneo lake ni yapata kilomita za mraba 4,700, na kiutawala limegawanyika katika usultani wa Bahunde na wa Bashali, pamoja na sekta za Katoyi na Osso-Banyungu.

Walikale ni nchi nyingine kabisa. Milima hushuka kuelekea magharibi, malisho humezwa na msitu, na baridi hupisha joto lenye unyevu. Teritori hii ina kilomita za mraba 23,475, yaani yapata asilimia 40 ya mkoa mzima, lakini ina sekta mbili tu: Wanianga na Bakano. Sehemu za hifadhi mbili za taifa, Kahuzi-Biega na Maiko, zimo ndani ya msitu huo. Anayetoka Masisi hadi Walikale hutoka katika maziwa, maharage na viazi, akaingia katika mihogo, ndizi, mawese na samaki.

Kinachounganisha nchi hizi mbili ni maji. Mito ya magharibi ya Masisi, miongoni mwao Osso ulioipa sekta jina lake, humiminika katika mto Lowa. Lowa hupita Walikale mjini, hukata msitu kuelekea magharibi, na kuingia Lualaba juu ya Ubundu. Kutoka hapo Lualaba hushuka katika maporomoko saba ya Boyoma na kufika Kisangani, ambako huanza kuitwa mto Kongo. Hivyo, mvua inayonyesha juu ya zizi la Mhunde au la Mnyarwanda huko Masisi hupita chini ya mtumbwi wa Mnyanga huko Walikale, na baadaye katika migono ya Wagenia huko Kisangani. Msafiri akiikumbuka njia hii hatahitaji ramani nyingine ya kumwonyesha mpangilio wa ziara yake.

3.0 Watu na Lugha

Masisi kuna wasemaji wa Kihunde na wa Kinyarwanda. Walikale kuna Wanyanga, Wakano, Wakumu, Warega, Watembo na Watwa wa msituni, pamoja na wengine waliofuata kazi na biashara. Katika uainishaji wa Guthrie, Kinyanga ni D.43, Kihunde D.51, Kirega D.25 na Kikumu D.23. Lugha hizi zimepakana kwa karibu, lakini wasemaji wake hawaelewani moja kwa moja. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kanisani, shuleni na barabarani. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi.

Mgeni kutoka Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi atasikilizana na wenyeji, lakini asidhani kwamba Kiswahili chao ni chake kilichoharibika. Kina kanuni zake. Kiambishi wa- mara nyingi huwa ba-, hata watu huwa batu. Sauti j ya maneno mengi huwa y, ndiyo maana kuja ni kuya, na maji ni mayi. Mazoea huonyeshwa kwa kiambishi -ak- mwishoni mwa kitenzi: anafanyaka ni mtu ambaye hufanya jambo hilo kila mara. Neno iko hubeba kazi nyingi ambazo kwingineko hugawanywa kati ya ni, yupo na lipo. Kisamvu huitwa sombe, na ugali huitwa bugali. Mwanafunzi wa lahaja anayeingia soko la kijiji na daftari lake atajifunza zaidi kwa saa moja ya kununua chumvi kuliko kwa siku nzima ya kuhoji.

Neno mayi lahitaji tahadhari. Ni jina la kawaida la maji, lakini pia ndilo lililozaa jina la vikundi vya wapiganaji, Mai-Mai, vilivyoamini kwamba dawa ya maji huwakinga na risasi, kama walivyoamini wapiganaji wa Majimaji huko Tanganyika mwaka 1905 hadi 1907. Vikundi hivyo vimekuwa sehemu ya maisha ya Masisi na Walikale tangu miaka ya 1990. Mgeni anayeuliza habari za mto hana budi kujua kwamba maswali kuhusu maji, vivuko na njia za msituni yanaweza kusikika kama maswali ya vita.

Aidha, yafaa ikumbukwe jinsi Kiswahili kilivyofika pande hizo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani iliweka vituo vyake Nyangwe na Kasongo, juu ya Lualaba, kisha ikasambaa kaskazini. Watu waliofuatana nayo walijiita waungwana, na ndiko lilikotoka jina Kingwana ambalo Kiswahili cha Kongo kiliitwa kwa muda mrefu. Misafara hiyo ilibeba lugha, mpunga na Uislamu, lakini pia ilibeba bunduki na minyororo. Mswahili anayetembea kando ya Lowa si mgeni wa kwanza kufika na lugha hii. Kuijua historia hiyo ni sehemu ya adabu.

4.0 Utendi wa Mwindo na Njia ya Majini

Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza mtambaji wa Kinyanga, Shekarisi Rureke, kwa siku kadhaa. Mtambaji huyo aliimba, akasimulia, akaigiza na kucheza, huku wasaidizi wakimpigia mdundo na hadhira ikimwitikia. Kwa Kinyanga utanzu huo huitwa karisi, na bingwa wake ni shekarisi. Matini yalichapishwa mwaka 1969 na Chuo Kikuu cha California, yakiwa na tafsiri ya Kiingereza na Kinyanga chake. Mwenzake Biebuyck katika kazi hiyo alikuwa mwanaisimu Mkongo Kahombo Mateene. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha kitabu kingine chenye matoleo matatu zaidi ya tendi za Wanyanga.

Kisa chenyewe chaanzia ukingoni mwa mto. Shemwindo, mtawala wa kijiji cha Tubondo, awaamuru wake zake saba wasizae ila watoto wa kike. Mke mmoja amzaa Mwindo, mtoto wa kiume anayezaliwa akiwa tayari anatembea na kusema. Baba ajaribu kumwua kwa mkuki, ashindwe, amzike, ashindwe, mwishowe aamuru afungwe ndani ya ngoma na kutupwa majini. Ngoma haizami. Mwindo aanza safari ya chini ya maji kwenda kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa majini. Kwanza aelekea juu, kwenye chimbuko la mto, na njiani awaomba viumbe wa majini wampishe. Baadaye ampata baba yake baada ya kumfuata hata kuzimu, lakini hamwui: wapatana, na utawala hupata sura mpya. Na Mwindo mwenyewe, baada ya kujisifu kupita kiasi na kumwua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi, hupelekwa juu mbinguni kufunzwa unyenyekevu. Arudipo huwausia watu wake kilimo, amani na heshima kwa viumbe.

Kwa mpangaji wa ziara, utendi huu una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mto katika fikra za Wanyanga una wenyewe. Msafiri wa majini huomba njia. Hata shujaa hapiti bila kujieleza. La pili ni kwamba shujaa hupata ukomavu kwa kusikiliza. Ziara iliyopangwa kwa haraka, yenye nia ya "kuona" Walikale kwa saa chache na kuondoka na kanda za sauti, huwa kinyume cha utendi inaoutafuta.

5.0 Hatua ya Kwanza: Kisangani

Mwaka 2025 ulibadili kabisa mipango ya safari za Kivu Kaskazini. Mapema Januari waasi wa M23 waliingia Masisi mjini. Mwishoni mwa mwezi huo waliiteka Goma, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Tarehe 19 Machi waliingia Walikale mjini, wakaondoka mapema Aprili. Tangu Mei 2021 mkoa ulikuwa umekwisha kutangazwa kuwa chini ya utawala wa kijeshi. Katika mazingira kama hayo, kumpeleka mwanafunzi Masisi kwa ajili ya matembezi ni kumtia yeye na wenyeji wake hatarini bila sababu. Hii ndiyo maana hatua ya kwanza ya ziara inafaa kufanyiwa mjini Kisangani, ambako msafiri anaweza kufika kwa ndege kutoka Kinshasa bila kupita uwanja wa vita. Hata huko, habari za usalama hazina budi kuulizwa upya kabla ya kila safari.

Siku tatu zatosha. Siku ya kwanza iwe ya kutembea kando ya mto. Matembezi yaanze asubuhi na mapema kwa Wagenia, wavuvi wa poromoko la mwisho la Boyoma. Hawa husimika magogo marefu kati ya miamba na kutundika humo migono mikubwa yenye umbo la pia, ambayo maji yenyewe huijaza samaki. Kazi hii hufanywa kwa ushirika wa koo, kila ukoo ukijua mahali pake. Mgeni apatane na wazee kabla ya kushika kamera, na alipe kilichokubaliwa mbele ya watu, asije akazusha ugomvi baada ya kuondoka.

Kutoka hapo msafiri ateremke kufuata ukingo hadi katikati ya mji, penye bandari na kanisa kuu la Kikatoliki linalotazama mto. Hapa ndipo mahali pa kusimulia historia. Stanley aliacha kituo karibu na maporomoko mnamo Desemba 1883. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliwekwa kuwa liwali wa sehemu hizo kwa niaba ya mfalme Leopold II. Maisha yake aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, na habari hizo ni miongoni mwa matini ya kwanza ya tawasifu katika lugha hii. Mwanafunzi anayesimama ukingoni hapo anasimama mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya dola, ya biashara na ya utumwa kwa wakati mmoja.

Adhuhuri avuke kwa mtumbwi kwenda Lubunga, ng'ambo ya kushoto. Ndiko inakoanzia reli ya Ubundu, yenye urefu wa kilomita zipatazo 125, iliyokamilika mwaka 1906 kwa sababu hakuna chombo kinachoweza kupanda maporomoko. Wakati wa kuvuka, sikio lifanye kazi kuliko jicho. Kilingala na Kiswahili hukutana katika kila mtumbwi. Inafaa kuangalia nani anatumia ipi, kwa nani, na katika jambo gani: bei, mzaha, dua au ugomvi.

Siku ya pili iwe ya kuzungumza. Barabara ya Taifa Na. 3 huunganisha Kisangani na Lubutu, Walikale na Bukavu, na kwa hiyo si ajabu kuwakuta mjini watu wa Walikale waliokuja kwa masomo, biashara au kukimbia vita. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, ni mahali pa kuanzia kuwatafuta. Mazungumzo na mtu mzima wa Kinyanga, kwa wakati na mahali anapochagua yeye, yana thamani kubwa. Aulizwe majina ya samaki, ya mitego na ya sehemu za mto, kisha asomewe jinsi majina hayo yanavyotokea katika matini ya mwaka 1969. Si mara chache mtu wa namna hii huwa ameusikia utendi tangu utotoni lakini hajawahi kukiona kitabu.

Siku ya tatu iwe ya mto Tshopo, kaskazini ya mji, penye daraja na bwawa la umeme, na ya kuandika. Daraja litazamwe, lisipigwe picha. Nchini Kongo kupiga picha madaraja, viwanja vya ndege, bandari na askari bila kibali kunaweza kumfikisha mtu kizuizini, na anayeumia zaidi mara nyingi ni kijana mwenyeji aliyekuwa akimwongoza.

6.0 Hatua ya Pili: Walikale na Masisi

Hatua hii husubiri amani. Hata hivyo, mpango wake unaweza kutayarishwa mapema, kwa sababu mambo yake makuu hayategemei ratiba ya ndege.

6.1 Idhini na mapokezi

Mgeni huanzia juu na kushuka: ofisi ya teritori, kisha shefu wa sekta au mwami, kisha kapita wa kijiji. Kuruka ngazi moja ni kumtia aibu aliyerukwa. Katika kila ngazi mgeni aeleze kwa ufupi yeye ni nani, anatafuta nini, atakaa siku ngapi, na atakachoondoka nacho. Mwanamume mzee aitwe mzee au baba, na mwanamke mtu mzima aitwe mama. Mwami hatajwi kwa jina lake tupu. Salamu ndefu si upotezaji wa wakati. Ni hapo mwenyeji anapopima sauti ya mgeni na kuamua ni nini atamweleza.

6.2 Siku tatu Walikale

Siku ya kwanza ni ya salamu na soko. Msafiri asitoke kwenda mtoni siku hiyo; auache mji umwone kwanza. Siku ya pili ni ya matembezi kando ya Lowa, akiwa na mwongozaji aliyeteuliwa na wenyeji. Matembezi ya saa mbili au tatu yatosha, kama yamepangwa kwa shughuli za watu badala ya mandhari. Alfajiri ni wakati wa wavuvi na mitego yao. Baadaye kidogo ni wakati wa akina mama wanaoteka maji, kufua, na kuloweka mihogo ili iachie sumu yake kabla ya kuanikwa na kutwangwa. Hapa kuna msamiati mzima wa kazi ambao hauna budi kuandikwa kwa lugha tatu: Kinyanga, Kiswahili cha mahali, na Kiswahili sanifu. Lakini mtoni ni mahali pa faragha pia, na mwanamume mgeni asikaribie sehemu za kuogea za wanawake hata kama njia inapitia hapo.

Jioni ya siku hiyo, ikiwa wenyeji wamekubali, ni ya kusikiliza. Mgeni asiombe "utendi wote", kwa kuwa kazi iliyomchukua Rureke siku kadhaa haiwezi kubanwa katika saa moja ya usiku. Aombe kisa, wimbo au kitendawili, na awe tayari kutoa chake. Mtambaji hutuzwa na wasikilizaji wake, na mgeni ni msikilizaji kama wengine.

Siku ya tatu ni ya kurudisha. Kilichoandikwa kisomwe mbele ya waliosema. Kilichorekodiwa kisikilizwe tena. Majina yasahihishwe. Ambaye amebadili nia na hataki sauti yake iondoke, afutiwe papo hapo bila maswali. Mara nyingi ndiyo siku yenye maarifa mengi kuliko zote, kwa sababu msikilizaji wa pili husahihisha alichosema wa kwanza, na mjadala huo ndio uhai wa fasihi simulizi.

6.3 Masisi

Njia ya milimani kutoka Walikale hupita Kashebere na Nyabiondo hadi Masisi, kisha hushuka Sake na Goma. Wakati wa mvua ni njia ngumu hata kwa magari imara. Juni hadi Agosti huwa na mvua chache. Masisi msafiri hukutana na historia ya uhamiaji. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji iliwahamishia huko maelfu ya familia kutoka Rwanda ili wafanye kazi katika mashamba. Suala la ardhi na la nani ni mwenyeji halikupata suluhu. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, na kuenea Masisi, na vita vilivyofuata vimekula vizazi.

Kwa hiyo katika Masisi swali la kawaida la mwanaisimu, "Lugha yako ya mama ni ipi?", si swali dogo. Laweza kusikika kama swali la kabila, na swali la kabila laweza kusikika kama tishio. Ni afadhali kuuliza juu ya vitu: jina la kibuyu cha maziwa, la nyasi, la aina ya maharage, la mlima. Vitu vina majina katika lugha zote za Masisi, na hakuna anayeogopa kutaja jina la kibuyu. Kisha mtu mwenyewe, akipenda, ataeleza alijifunza neno hilo kwa nani.

7.0 Mambo ya Kuepuka na Mambo ya Kuacha Nyuma

Mambo mawili yaepukwe kabisa. La kwanza ni udadisi wa madini. Walikale ina madini ya bati, na mgodi wa Bisie umekuwa ukitajwa ulimwenguni tangu miaka ya 2000 kwa utajiri wake na kwa mapigano yaliyouzunguka. Mgeni anayeuliza njia ya mgodi huku akidai amekuja kusikiliza hadithi hataaminiwa tena, na aliyempokea hataaminiwa pia. La pili ni kuwahoji watu juu ya maumivu yao. Wanawake wengi wa Walikale walitendewa ukatili mkubwa, hasa katika vijiji vya barabara ya Luvungi mnamo Julai na Agosti 2010, na wameulizwa habari hizo mara nyingi. Ziara fupi ya utamaduni haina haki wala uwezo wa kuyafunua majeraha hayo. Mtu akisema mwenyewe, asikilizwe, asiandikwe.

Yako pia mambo ya kuacha nyuma. Bajeti ya ziara iwe na fungu la mwenyeji kabla ya fungu la picha. Nakala za matini ya Mwindo yenye Kinyanga zipelekwe katika shule ya mahali. Msamiati uliokusanywa mtoni uchapwe kurasa chache na urudishwe kwa kapita na kwa walimu. Sauti zilizorekodiwa zihifadhiwe chuoni Kisangani pia, ili mwanafunzi wa Walikale azipate bila kuomba viza. Mambo haya si ya gharama kubwa. Ni ya kukumbuka tu, na ndiyo yanayosahaulika kwanza ratiba inapobana.

8.0 Hitimisho

Ziara fupi si ziara ndogo. Siku tatu Kisangani zaweza kumfunza mwanafunzi wa Kiswahili historia ya lugha yake ambayo pwani haimfunzi: jinsi ilivyosafiri na mto, ilivyowatesa watu na kuwaunganisha, na ilivyopata sura nyingine midomoni mwa wenyewe wapya. Siku tatu Walikale, amani itakapopatikana, zitamfikisha pale ambapo mtoto katika ngoma alipanda mto kumtafuta shangazi yake. Kati ya hatua hizo mbili kuna kungoja, na kungoja huko ni sehemu ya mpango. Chuo kinachotuma wanafunzi Kisangani mwaka hadi mwaka, kikajifunza Kinyanga kutoka kwa Wanyanga walioko huko, na kurudisha kazi yake kwao, kitakuwa tayari kinajulikana Walikale siku njia itakapofunguka.

Hapo mgeni ataweza kusema hodi, na mwenyeji atakuwa na sababu ya kuitika karibu.